Tatu Iliyoonekana Nane

Wasomaji watukufu, mama zetu na dada zetu, wiki hii naomba mnivumilie. Nimezoea kukuandikieni juu ya malezi, ujirani na mambo ya nyumbani. Leo naandika juu ya jambo ambalo huenda mkadhani ni la vijana wa kompyuta peke yao. Msilipuuze. Nimeona namna nyumba ya watu wema ilivyokaribia kuvunjika kwa sababu ya tarakimu moja iliyoonekana vibaya kwenye kioo, na mimi nilikuwa miongoni mwa walioiona vibaya. Nasimulia kwa idhini ya wenyewe. Majina nimeyaficha, na baadhi ya alama za kuwatambulisha nimezibadilisha.

Marehemu alikuwa mtu wa Mombasa. Ujanani alipanda bara kwa biashara ya nguo, akatua Keroka, akamwoa binti wa Kigusii aliyesilimu, wakaishi pamoja mpaka Mola alipomchukua mja wake. Aliacha mjane, binti aliyezaliwa mwaka 1995, na watoto wawili wa kiume. Huku pwani aliacha ndugu zake, na fungu katika nyumba ya baba yao ambayo bado haijagawanywa.

Ulipofika wakati wa kukusanya karatasi za mirathi, kaka mkubwa wa marehemu aliomba aletewe cheti cha ndoa. Binti akakipeleka cheti dukani kikaskaniwa. Aliporudi nyumbani akakifungua kwenye kompyuta, akakipiga picha kwa simu palepale kiooni, akamtumia baba yake mkubwa kwa WhatsApp. Naye akaniletea mimi, akitaka ushauri. Nilivaa miwani, nikaikuza picha kwa vidole viwili, nikausoma mwaka wa ndoa: 1998.

Binti kazaliwa 1995, na ndoa 1998! Sikusema neno. Lakini moyoni nilisema, na Mwenyezi Mungu anayajua yaliyomo vifuani. Kaka mkubwa alisema kwa ulimi yale niliyoyasema mimi kwa moyo. Siku chache zikatosha maneno ya zamani kufufuka katika ukoo: kwamba mke wa bara hajulikani alikotoka, kwamba marehemu alifichwa mengi, kwamba hesabu ya warithi itazamwe upya. Mwanamke aliyemuuguza mumewe mpaka dakika ya mwisho akawa anazungumzwa kama mshitakiwa, tena kwa ushahidi wa picha ya simu.

Nikaombwa niende nikaulize kwa upole. Nilifuatana na mke wangu, kwa kuwa mjane alikuwa bado ndani ya eda na haikufaa nimwendee peke yangu. Kutoka Nairobi tulipita Narok, Bomet na Sotik, mpaka tukaanza kuona mashamba ya chai na migomba iliyopanda vilima. Keroka ilitupokea kwa baridi, na mke wangu akajitanda leso juu ya buibui. Ni mji wenye soko lenye harakati, uliokaa mpakani: upande huu Kaunti ya Kisii, upande ule Kaunti ya Nyamira. Mtu hutoka kaunti moja akaingia nyingine akiwa na kikapu chake cha ndizi mkononi, wala hahisi kwamba amevuka kitu.

Tulikaribishwa kwa chai ya maziwa. Mama alikaa chumba cha ndani na mke wangu, mlango ukiwa wazi na pazia limeshushwa. Binti alikaa sebuleni na ndugu zake, kompyuta ndogo ikiwa mezani. Alikuwa amekifungua cheti ndani ya programu ya kuhariri picha, kwa nia ya kunyoosha ukurasa uliokaa upande na kukata kingo nyeusi zilizoachwa na skana. Alichokiona kilimtoa machozi. Herufi zilikuwa zimekatika katika, mistari ya jedwali mingine ilikuwepo na mingine haipo, na tarakimu ya mwisho ya mwaka ilikuwa nane.

"Sheikh," aliniambia, "nimekitazama tena na tena. Ni nane. Na Mama anaapa kwamba aliolewa mwaka 1993. Sasa nimwamini Mama au niiamini kompyuta?"

Kisha akaniambia lililomlemea zaidi. Kijana mmoja wa duka la kompyuta alikuwa amempa rai. Kwa pesa kidogo angeifuta nusu ya ile nane ikawa tatu, na hakuna ambaye angejua. Tena, kwa kuwa cheti cha kuzaliwa cha mama kinasema Wilaya ya Kisii, ilhali boma la wazazi wake leo liko Kaunti ya Nyamira, angefuta "Kisii" akaandika "Nyamira", ili karatasi zote zisome mamoja.

Nikamwuliza: "Umekubali?"

Akainamisha kichwa. "Nimemwambia nitarudi kesho."

Ndugu zangu, mimi si fundi wa kompyuta. Lakini kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiskani daftari za madrasa yetu na kurasa za jarida hili, na makosa yamenifunza. Waraka ulioskaniwa ukionekana vibaya ndani ya programu ya picha, kosa huwa liko katika moja ya sehemu tatu: katika kuona, katika faili, au katika karatasi yenyewe. Kila sehemu ina dawa yake. Dawa ya sehemu moja ukiitia katika nyingine huwa sumu. Basi tukaketi, tukaanza na la kwanza.

Kosa la kuona

Nilimwonyesha binti tarakimu ndogo iliyoandikwa chini ya dirisha la programu: asilimia 22. Maana yake ni kwamba alikuwa hauoni ukurasa kwa ukubwa wake, bali umefinywa mpaka chini ya robo. Ukurasa wa A4 ulioskaniwa kwa nukta 300 kwa kila inchi una nukta 2480 kwa upana na 3508 kwa urefu. Kioo cha kompyuta yake kina nukta 1366 kwa 768. Ili ukurasa wote uenee kiooni, programu hulazimika kuacha nukta nyingi. Picha ya rangi ikifinywa hivyo, nukta jirani huchanganywa, na jicho halioni hasara. Lakini waraka ulioskaniwa kwa nyeusi na nyeupe tupu hauna rangi ya kati ya kuchanganya. Baadhi ya programu huchukua nukta moja na kuziruka tatu au nne. Ikiwa mstari mwembamba wa herufi umeangukia katika nukta zilizorukwa, mstari huo hupotea. Na ikiwa nukta iliyochukuliwa ni nyeusi, pengo lililokuwa jeupe huonekana limezibwa.

Nikamwambia aupeleke mpaka asilimia 100, ambapo nukta moja ya faili huonyeshwa kwa nukta moja ya kioo. Herufi zilizokatika zikaungana mbele ya macho yetu, na mistari ya jedwali iliyotoweka ikarudi. Hakuna aliyegusa faili. Kilichobadilika ni namna ya kutazama tu. Ile nane nayo ilifanya mwanya mdogo upande wa juu kushoto, lakini chini ilikuwa bado imefumba.

Kuna makosa mengine ya kuona ambayo nimekutana nayo, nayataja ili msihangaike. Ukifungua barua iliyochapwa kwa kompyuta na kuhifadhiwa kama PDF, huenda nyuma ya maandishi ukaona miraba ya kijivu na nyeupe kama ubao wa drafti. Barua haikuharibika. Programu inakuambia kwamba hapo hapana rangi yoyote, ni patupu. Weka tabaka jeupe chini yake, na miraba itaondoka. Ukurasa ukionekana wa manjano kama uliomwagiwa chai, kabla ya kulaumu skana tazama kama kompyuta au simu yako haijawashwa ule mwanga wa usiku unaopunguza rangi ya buluu. Manjano hayo ni ya kioo, wala hayamo katika waraka. Na picha ya simu iliyosimama sawasawa kwenye simu ikilala ubavu kwenye kompyuta, sababu ni kwamba simu iliandika pembeni agizo la kuizungusha, na programu haikulisoma agizo hilo. Izungushe wewe, basi.

Lipo moja lililo katikati ya kuona na faili. Ukifungua PDF ndani ya programu ya picha, mara nyingi hukuuliza unataka nukta ngapi kwa inchi. Wengi wetu hubonyeza "sawa" bila kusoma. Ikiwa hapo pameandikwa 72, ukurasa wako wa A4 utaingia ukiwa na nukta 595 kwa 842 tu, na maandishi yatakuwa ukungu. Kuukuza baada ya hapo ni kama kuongeza maji kwenye chai: kikombe kitajaa, lakini ladha haiongezeki. Funga bila kuhifadhi, ufungue tena, na mahali pa 72 uandike 300.

Kosa la faili

Kule kufumba kwa chini hakukuondoka hata tulipokuza. Hapo tukajua kwamba kosa si la kioo peke yake. Duka lilikuwa limeskani cheti kwa nyeusi na nyeupe tupu ili faili iwe nyepesi. Kwa njia hiyo, mashine hulazimika kuamua kila nukta: wewe ni wino au wewe ni karatasi. Hakuna ya tatu. Karatasi ya zamani iliyokunjwa, yenye doa na kivuli, huipa mashine shida. Kivuli cha kunjo huhesabiwa kuwa wino, na tatu yenye mdomo wazi huzibwa ikawa nane. Juu ya hilo, picha iliyofika Mombasa ilikuwa picha ya kioo iliyopigwa kwa simu, ukurasa ukiwa umefinywa kwenye asilimia 22, kisha ikapunguzwa tena na WhatsApp, ambayo huzibana picha ili zisafiri upesi. Waraka ulipita mikono mitatu, na kila mkono ulinyofoa kidogo.

Msidhani kwamba haya huwapata watu wa Keroka na Mombasa peke yao. Mwaka 2013 mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, David Kriesel, aligundua kwamba mashine za Xerox za kuskani na kunakili zilikuwa zikibadilisha tarakimu. Katika ramani ya nyumba, vyumba vitatu vilivyoandikwa mita za mraba 14.13, 21.11 na 17.42 vilitoka vyote vikiwa na 14.13. Katika orodha za hesabu, sita zilionekana nane. Sababu ilikuwa njia ya kubana faili: mashine ilikusanya alama zinazofanana, ikahifadhi mfano mmoja, kisha ikaupachika mfano huo kila mahali ilipodhani kwamba alama ni ileile. Maandishi yalitoka safi na makali, na ndiyo maana hakuna aliyeyashuku. Kampuni ililazimika kutoa marekebisho ya programu za mashine zake. Funzo ni kwamba nakala inaweza kupendeza macho na bado isiseme kweli.

Dawa ya kosa la faili ni moja: rudi kwenye karatasi uskani upya. Usijaribu kuiponya faili mbovu kwa kalamu ya programu. Jioni ile ndugu wa kiume wa binti alikwenda duka jingine na cheti. Aliomba kiskaniwe kwa rangi, nukta 600 kwa inchi, bila kubanwa sana. Tulipokifungua, kunjo lilionekana kuwa kunjo, kivuli kikaonekana kuwa kivuli cha kijivu, na wino ukaonekana wa buluu iliyofifia.

Karatasi yenyewe

Kabla hatujaitazama faili mpya, nilimwomba binti atoe cheti chenyewe. Nawauliza, wasomaji wangu: tangu picha ile iingie simuni mwangu, mpaka niliposafiri na kuketi sebuleni, kwa nini hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza karatasi iko wapi? Ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, chini ya misahafu, imekunjwa mara nne. Mke wangu aliichukua akaenda nayo mlangoni penye mwanga wa jua la jioni, akaiinamisha kidogo ili mwanga uipige kwa ubavu. Kunjo lilipita juu ya tarakimu ya mwisho, lakini wino haukufuata kunjo. Ulipinda mara mbili, ukaacha mdomo wazi upande wa kushoto.

"Ni tatu," alisema.

Sote tukatazama. Ilikuwa tatu. Na ile faili ya nukta 600, tulipoikuza, ilisema hivyohivyo.

Hapo sauti ya mama ikatoka nyuma ya pazia, ya taratibu, bila hasira: "Mimi nilikuwapo siku hiyo, Sheikh. Hamkuniuliza."

Sikuwa na jibu. Nilimwomba radhi palepale, mbele ya mke wangu na watoto wake, kwa lile nililolisema moyoni nikiwa Mombasa. Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa tuhakikishe habari kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua. Nimeifundisha aya hiyo kwa miaka mingi. Sikuwahi kufikiri kwamba picha ya simu nayo ni habari inayohitaji kuhakikishwa.

Mpaka usiovukwa

Turudi kwa kijana wa dukani na rai yake. Wapo watakaosema: ikiwa kweli ni tatu, kosa liko wapi kuifuta nane ya kompyuta iwe tatu? Kosa ni kubwa. Mwaka ule ulikuwa 1993, lakini tatu iliyochorwa na kijana wa dukani ni uongo, kwa sababu inajidai imeandikwa na mkono wa msajili wa ndoa na haikuandikwa naye. Cheti ni ushahidi wa mtu mwingine kuhusu ulichokifanya. Ukiweka neno lako ndani ya ushahidi wake, umeuvunja wote. Siku ambayo kadhi au karani ataliona doa hilo moja, ataishuku sahihi, ataishuku mihuri, na atamshuku mama aliyesema kweli tangu mwanzo. Sheria ya nchi nayo haicheki: Kanuni ya Adhabu ya Kenya inaeleza kughushi katika kifungu cha 345, na kifungu cha 349 kinaweka adhabu ya kifungo cha hadi miaka mitatu.

Ama lile la Kisii na Nyamira, halikuwa kosa hata kidogo. Mama alipozaliwa, Nyamira ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Kisii. Baadaye ikawa wilaya yake, na leo ni kaunti. Cheti kilisema kweli ya siku yake. Palipohitajika maelezo, palihitajika barua au kiapo cha kueleza, kiambatishwe pembeni. Karatasi mbili zinazotofautiana pamoja na maelezo ya ukweli zinasimama mahakamani. Karatasi mbili zilizolazimishwa kulingana huanguka pamoja.

Basi mpaka ni huu. Katika programu ya picha unaruhusiwa kunyoosha ukurasa, kuuzungusha, kukata kingo nyeusi zisizo na maandishi, na kuongeza mwanga au weusi ili usomeke, maadamu unafanya hivyo kwenye nakala na ile faili ya kwanza umeiweka kama ilivyotoka kwenye skana. Usiguse herufi, tarakimu, muhuri wala sahihi, hata kwa nia njema. Ikiwa karatasi yenyewe imefutika, nenda ofisi iliyoitoa ukaombe nakala iliyothibitishwa. Mwandishi wa deni, katika aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ameamrishwa aandike kwa uadilifu. Leo kila mwenye simu amekuwa mwandishi, na amri hiyo inamhusu.

Wenzetu waliohifadhi maandishi makongwe wametutangulia katika adabu hii. Katika Msikiti wa Riyadha, Lamu, aliouasisi Habib Saleh, kuna miswada ya mkono ambayo imepigwa picha chini ya mradi wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini. Miswada ya namna hiyo ina madoa, matundu ya wadudu na pembe zilizochanika. Hupigwa picha kwa rangi na kwa nukta nyingi, doa likabaki doa na tundu likabaki tundu, kwa sababu anayekuja kusoma baada ya miaka 100 ana haki ya kujua ni nini kilichoandikwa na ni nini kilicholiwa na mchwa. Anayetaka nakala ya kusomea yenye mwanga zaidi huitengeneza pembeni, wala haigusi ile ya asili.

Ya kufanya nyumbani

Wengi mnatumwa na waume zenu au wazazi wenu kushughulikia karatasi, na sasa mambo ya mahakama yamehamia kwenye kompyuta: tangu mwaka 2024 uwasilishaji wa kesi kwa mtandao umeenezwa katika mahakama za Kenya nzima. Karatasi yako itasomwa na mtu ambaye haoni uso wako. Kwa hiyo toeni vyeti vyenu kwenye mikunjo, mviweke vikiwa vimenyooka ndani ya bahasha ngumu, mbali na unyevu. Msivifunike kwa plastiki ya moto, kwani hung'aa chini ya skana, na baadhi ya ofisi hazipendi kuvipokea hivyo. Skanini sasa, wenye vyeti wakiwa hai na wino ungali unaonekana: kwa rangi au kwa kijivu, nukta 300 kwa inchi, na 600 ikiwa maandishi ni madogo au yamefifia. Faili ya kwanza ihifadhiwe mahali pawili. Ya kufanyia kazi iwe nakala, na mkiihariri ihifadhini kama PNG au TIFF, kwa maana JPEG hupoteza kidogo kila inapohifadhiwa upya. Mkituma kwa WhatsApp, tumeni kama hati, msitume kama picha. Wala msipige picha ya kioo.

Na kabla hamjakubali kwamba waraka umeharibika, ulizeni kwa mpangilio: je, ni jicho? Kuzeni mpaka asilimia 100, mzime mwanga wa usiku, mtazame kwenye simu au kompyuta nyingine. Je, ni faili? Skanini upya. Je, ni karatasi? Ipelekeni kwenye mwanga wa jua, muiinamishe, na mumwite mtu mwenye macho mapya. Kisha mwulizeni aliyekuwapo, maadamu angali hai wa kuulizwa.

Siku ya pili asubuhi, binti alimpigia kijana wa dukani kumwambia kwamba hatarudi. Faili mpya tuliituma Mombasa kama hati. Kaka mkubwa aliifungua kwenye kompyuta ya mwanawe, nami nikiwa naye kwa simu nikimwelekeza aikuze. Alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza eda ya shemeji yake itakwisha lini, ili hesabu ya mirathi ianze na warithi wote wahesabiwe. Nikamwambia. Radhi hakuomba siku hiyo, na mpaka ninapoandika haya sijasikia kwamba ameomba. Namkumbusha kwa upendo, kama ninavyojikumbusha mimi, kwamba neno lililomwumiza mtu halifutiki kwa kunyamaza. Cheti tumekwisha kukisoma upya, na sasa tuna kazi ya kumsoma upya yule mama.

Namwomba Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu, ampe mjane wake subira na heshima anayostahiki, na atuepushe sisi na dhana mbaya na haraka ya kuhukumu kwa tusichokihakikisha. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.